Besi ya telefone na masikio ya nyumbani



Juma lililopita, mwisho wa mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni, akafungua fundo la kikwembe na kutoa telefone yake. “Mwalimu, sikiliza hii.” Akaweka wimbo. Kila ngoma ilipopigwa, telefone ilitoa mkwaruzo, krrr, krrr, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Telefone hiyo haijamaliza hata miezi miwili. Mtoto wake wa kiume aliiwekea programu ya kuongeza besi, akavuta mistari yote mpaka juu, wakacheza muziki tangu asubuhi mpaka jioni siku ya sikukuu ya mdogo wake. Jua lilipozama, bafle ya telefone ilikuwa imekwisha.

Mama alitaka kujua mambo mawili. Akiondoa ile programu, sauti nzuri itarudi? Na hii besi ni kitu gani, hata watoto wetu wanaitafuta namna hii?

Nilimwambia nitajibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake. Mokambo yetu ni mahali pa kupita: malori, wafanyabiashara, telefone kutoka Mufulira na telefone kutoka Lubumbashi, na kila telefone inayopita inaacha programu moja au mbili kwa vijana wetu. Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kutomjibu pale pale. Nitaifikia.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Tulifanya jaribio tukiwa tumesimama. Tulirudisha mistari yote katikati, kwenye sifuri, tukaifuta programu, tukazima telefone na kuiwasha tena. Kama mkwaruzo ungeisha, kosa lingekuwa la programu tu. Haukuisha. Hapo ujue kile kingozi chembamba kilicho ndani ya bafle kimepasuka, au kimebanduka kwenye gundi yake. Hakuna programu ya kukishona. Ni fundi kutoa bafle na kuweka nyingine, na kwa bahati bafle haigharimu kama kioo. Fanyeni jaribio hilo kabla ya kumpa fundi pesa.

Swali la pili ni refu.

Sauti zote ni mtikisiko. Uzi wa gitaa ukitikisika polepole unatoa sauti nene, ukitikisika haraka unatoa sauti nyembamba. Sikio zuri la mtoto linasikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde mpaka 20,000. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti ya mama anayezungumza inazunguka kwenye 200. Lakini ile “s” ya samaki, ile “f” ya fimbo, zinafika juu sana, 4000 na zaidi. Shikeni hilo la “s” na “f”, tutalirudia.

Sasa, wale waliokaa Lubumbashi wanaijua karindula, ile banjo kubwa yenye mwili wa pipa na ngozi ya mbuzi. Ng’ambo ya mpaka, Zambia, kuna kalindula, jina la chombo na jina la muziki wenyewe. Kwa nini mwili wake ni mkubwa hivyo? Kwa sababu sauti nene inataka kusukuma hewa nyingi. Filimbi ndogo kama kidole inaweza kulia juu mpaka mbwa akasimamisha masikio, lakini hata ukiipuliza mpaka mashavu yapasuke haitatoa sauti ya pipa. Wazee waliochonga ngoma walilijua jambo hilo bila kwenda masomo.

Bafle iliyo ndani ya telefone ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Iliundwa kwa ajili ya maneno na kengele ya kuitia. Programu haiwezi kugeuza ukucha kuwa pipa. Inachofanya ni kupeleka umeme mwingi zaidi upande wa sauti nene. Kwenye programu hizi mstari unaweza kupanda mpaka 15, maana yake desibeli 15. Kila desibeli 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili. Hesabuni na vidole: mara 2, mara 4, mara 8, mara 16, mara 32. Kile kingozi ambacho hakikuweza kubeba besi ya kawaida, sasa kinapewa mara 32. Ni kama kumtwika mtoto wa kalasi ya kwanza gunia la makala, na akianguka tunasema hana nguvu.

Halafu telefone yenyewe ina kipimo chake cha mwisho. Wimbi la sauti likikifikia, kichwa chake kinakatwa na kuwa bapa. Ule ubapa ndio tunaousikia kama mkwaruzo, hata kabla kingozi hakijapasuka. Kwa hiyo mkisikia sauti inakwaruza, msingoje. Shusheni mistari.

Mtaniuliza: basi kwa nini mtoto anaapa kwamba besi imeongezeka? Hasemi uongo. Kwenye bafle ya telefone haiongezeki, lakini kwenye ekuteri inaongezeka kweli. Ekuteri imekaa juu ya sikio au ndani yake kabisa, haina hewa ya chumba kizima ya kusukuma, ina ile hewa kidogo tu ya tundu la sikio. Pale ile mara 32 inafanya kazi yake yote. Bafle inapasuka na tunaisikia. Sikio halitoi mkwaruzo.

Nafika kwenye sababu yangu.

Mtoto wangu wa pili ana miaka 14, yuko mwaka wa nane. Mwisho wa mwaka wa masomo uliopita alipata pointi nzuri, na mimi nilikuwa nimemwahidi zawadi. Nikamnunulia telefone na ekuteri zile kubwa za kufunika masikio. Jioni hiyo hiyo akaniomba nimwekee programu ya besi, maana telefone ilikuwa bado kwenye nambari yangu. Nikaona ni jambo dogo. Niliitafuta, nikaipakua, nikabonyeza mwenyewe kile kitufe cha Bass Boost na kukizungusha mpaka mwisho, tukacheka pamoja kuona macho yake yanavyofunguka. Nawaambia hivyo ili msifikiri nawahubiria kutoka juu ya mti.

Tangu siku ile alilala na ekuteri. Alichota maji na ekuteri. Nilimwita kutoka jikoni, hajibu. Namwita mara ya pili, ya tatu, kimya, hata siku ambazo hakuwa na kitu masikioni. Nikasema ni umri, kichwa kimeanza kuota pembe. Nilimwadhibu. Siku moja nilimnyima chakula cha jioni kwa sababu nilimtuma chumvi akaniletea chungu, nikafikiri ananicheka mbele ya wageni.

Kuna jambo lingine ambalo mimi, mwalimu, ningepaswa kuliona. Jioni ninawafanyisha watoto wangu dikte fupi ya Kifaransa. Alianza kuandika “sien” mahali pa “chien”, “tinq” mahali pa “cinq”. Kwetu kosa la “s” na “ch” si la ajabu, lugha zetu za nyumbani zinatuvuta, hata watu wazima wanakosea. Kwa hiyo nilitia kalamu nyekundu, nikapita. Lakini mtoto huyu hakukosea hivyo mwaka wa sita. Niliona kosa sikuona mabadiliko.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Mnajua kimya kinachoingia mtaani umeme ukikatika, mabafle yote yanazimika mara moja. Tulikuwa tumekaa gizani. Akaniuliza polepole: “Maman, ni kitu gani kinalia hivi?” Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. “Kinalia nziii,” akasema. “Kila usiku kinalia. Nilifikiri ni cha nyumba.”

Nilimpeleka Lubumbashi kwa munganga wa masikio. Alimvalisha ekuteri, lakini za kupimia, akamcheza sauti ndogo ndogo moja moja, na mtoto anainua mkono anaposikia. Munganga akachora mistari miwili, wa sikio la kulia na la kushoto. Mstari wa kulia ulikwenda karibu sawa. Wa kushoto ulikwenda sawa, sawa, halafu ulipofika kwenye 4000 ukaanguka kama mtu aliyekanyaga shimo. Akaniambia kwa upole kwamba kilichopotea pale hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Tulirudi na basi. Njia nzima nilikuwa nahesabu zile adhabu.

Nieleze kilichotokea, kama munganga alivyonieleza na kama nilivyosoma baadaye. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Zenyewe ndizo zinazopokea mtikisiko na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa inazilaza, kama majani yanavyolala watu wakipita. Zikipumzishwa zinainuka. Zikikanyagwa kila siku zinakufa, na chembe hizo hazioti tena kwa mwanadamu. Na tundu la sikio letu lina umbo linalokuza zaidi sauti zilizo karibu na 3000, ndiyo maana eneo la 3000 mpaka 6000 linaumia mbele ya mengine. Ndilo eneo la “s”, “f”, “ch”. Mtoto anasikia kwamba umemwita, hasikii umemwita kuleta nini.

Na besi inaingiaje, ikiwa yenyewe iko chini na uharibifu uko juu? Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Sauti nene inafunika nyembamba. Mkiongeza besi mpaka mwisho, maneno ya mwimbaji yanazama. Mtoto anataka kusikia maneno, kwa hiyo anapandisha volimu. Ikipanda, vyote vinapanda pamoja, na gitaa na sahani za ngoma na sauti za juu zinaingia sikioni kwa nguvu ambayo hatambui, kwa sababu juu yake kuna blanketi la besi. Anafikiri anasikiliza kwa kiasi.

Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, walitoa kipimo chao mwaka 2019. Kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 katika juma zima. Kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizo 40. Na kila mnapoongeza desibeli 3, saa zinakatwa nusu. Mtoto akisikiliza kwenye 78, ana saa 20. Kwenye 81, saa 10. Kwenye 84, saa 5. Endeleeni hivyo mpaka 90, anabaki na saa moja na robo kwa juma zima. Telefone iliyofunguliwa mwisho pamoja na ekuteri inaweza kupita 100. Ikifika 102, posho yake ya siku saba imekwisha kabla ya dakika 5. Wimbo mmoja mama.

Hatuna mashine ya kupima desibeli nyumbani, lakini tuna mkono. Simameni mbali na mtoto urefu wa mkono mmoja, yeye akiwa na ekuteri, mzungumze naye kwa sauti ya kawaida. Akishindwa kuwasikia, imezidi. Na kama nyinyi mnausikia wimbo wake kutoka pale mliposimama, imezidi zaidi. Kuhusu volimu, asipite sehemu 6 katika 10. Telefone zingine zina mpaka wa volimu kwenye paramètre, upande wa son, unaoweza kufungwa kwa nambari ya siri. Nambari hiyo akae nayo mama.

Sasa msije mkafuta kila programu ya egalizeri mtakayoikuta. Nami nilitaka kufanya hivyo niliporudi. Nilichukua telefone ya mtoto kwa hasira, kidole kiko tayari, nikaisahau mezani kwa sababu mama mkwe alianza kuita.

Mama mkwe wangu, nkambo wa watoto, ana miaka zaidi ya 70. Shemeji wangu yuko Kolwezi, na kila juma anamtumia mama yake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nkambo hana telefone kubwa, anasikilizia kwenye ya mjukuu wake, na ekuteri za mjukuu wake. Kwa miezi tulikuwa tunaona anasikiliza, anatikisa kichwa, “ndiyo, ndiyo”, halafu anajibu jambo lingine kabisa. Shemeji anasema nimepata nyumba, yeye anajibu pole kwa kukata. Watu walianza kusema akili ya mama imechoka. Mimi pia nilisema, Mungu anisamehe.

Siku hiyo nilichukua ekuteri, nikasikiliza ujumbe mwenyewe. Telefone ile inapitisha sauti zote kwenye egalizeri, si muziki tu. Sauti ya shemeji ilikuwa inatoka ndani ya mtungi, buu, buu, buu. Mzee ambaye masikio yake yamepunguza sauti za juu kwa ajili ya miaka, tulikuwa tumemwongezea za chini mara 32.

Nilifunga besi yote. Nikaichukua ile faili ya sauti kwenye folda za WhatsApp, ile inayoitwa Voice Notes, nikaifungua na VLC, programu ya bure ambayo mwanzo wake ni wanafunzi wa Ufaransa mwaka 1996, na haina matangazo. Egalizeri yake ina mistari kumi. Miwili ya kwanza, ya sauti nene, niliishusha mpaka kumi chini ya sifuri. Wa tatu kidogo, nne chini. Ya katikati sikuigusa. Ule wa usafi wa maneno niliupandisha nne, unaoufuata tatu. Volimu nikaiacha chini ya nusu. Nikamvalisha.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Akaniambia nirudishe. Akasikiliza tena. Halafu akavua ekuteri na kuniuliza: “Kwa nini hamkuniambia anakohoa?”

Kumbe shemeji alikuwa anakohoa katikati ya maneno, kwa majuma. Mama yake alikuwa wa kwanza kulisikia jambo hilo, nasi tulio na masikio mazima tulikuwa tunasikiliza tu habari za pesa. Alimtumia ujumbe usiku huo, akamwagiza aende kupimwa kifua. Alikwenda.

Kwa hiyo egalizeri si adui. Ni kisu cha jikoni. Hebu niwaeleze mistari yenyewe ili msimtegemee kijana awapangie.

Kwenye telefone nyingi za Android mistari ni mitano: 60, 230, 910, 3600 na 14000. Imekuwamo tangu Android 2.3, mwaka 2010, kwa hiyo hata telefone ya zamani huenda inayo tayari. Angalieni kwanza kwenye paramètre, son, égaliseur, au ndani ya programu ya muziki yenyewe, kabla ya kwenda kupakua nyingine. Mstari wa 60 ni ngoma kubwa na gitaa la besi. Wa 230 ni unene wa sauti ya mtu, ukizidi mtu anazungumza akiwa na bukari mdomoni. Wa 910 ni mwili wa maneno. Wa 3600 ni usafi wa maneno, ndipo konsonanti zinapokaa, ukizidi sana sauti inachoma. Wa 14000 ni mng’ao wa sahani za ngoma, wazee wengi hawausikii kabisa, msihangaike nao.

Kanuni moja tu nitawapa: punguzeni mahali pa kuongeza. Mkitaka maneno yatoke, msipandishe wa 3600 mpaka juu, shusheni wa 60 na wa 230. Mkitaka besi kidogo, shusheni mistari mingine minne kidogo, muache wa 60 kwenye sifuri. Sikio linasikia tofauti ile ile, lakini hakuna wimbi linalokatwa kichwa na hakuna kingozi kinachopasuka. Kisha volimu iguseni mwisho.

Na kama mnataka kujua mmepanga vizuri, mnajaribu na nini? Vijana wanajaribu na nyimbo zilizotengenezwa kwa besi, hapo kila kitu kinaonekana kizuri. Mimi najaribu na Jean-Bosco Mwenda, mtu wa kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake “Masanga” ulitembea dunia. Ni mtu mmoja na gitaa moja. Kidole gumba kinatembea chini, vidole vingine vinacheza juu, na mkisikiliza vizuri mnafikiri ni watu wawili. Wekeni wimbo huo. Kama mnasikia kidole gumba tu, besi imezidi. Kama mnasikia vile vya juu tu na gitaa limekuwa kama waya, mmeiondoa mno. Vikisikika vyote viwili, kila kimoja na njia yake, acheni hapo. Mzee huyo alifariki mwaka 1990, na bado ananisahihishia kazi.

Kwa mikutano yetu na kwa vilio, tunapotaka wimbo usikike na wote, msiongeze mstari wa 60. Chukueni bafle ya kweli, hata ndogo, muiweke karibu na kona ya kuta mbili. Kuta zinairudisha besi na kuiongeza bila umeme wala programu. Kama hakuna bafle, telefone ndani ya sufuria tupu inapaza sauti vya kutosha kwa chumba kidogo. Inachekesha, inafanya kazi.

Jambo la haraka juu ya programu zenyewe. Egalizeri haina kazi na majina ya watu mlio nao, wala ujumbe wenu, wala mahali mlipo. Ikiomba ruhusa hizo, kataeni, na ikigoma, ifuteni. Zile zinazochora mistari inayocheza na muziki zinaomba maikro, na mnaweza kukataa hiyo pia, mistari haitacheza, muziki utaendelea. Na zile za bure zenye matangazo zinakula mega kila zinapofunguka. Mama aliyenijia alikuwa analalamika pia kwamba mega zake zinakwisha bila kuita mtu. Sasa anajua.

Lingine, egalizeri haichukui nafasi ya munganga. Nkambo tutampeleka apimwe, na mtoto atapimwa tena baada ya miezi sita. Mlio wake umepungua, hasa asubuhi. Usiku bado upo. Kwenye masomo nilikwenda kumwona mwalimu wake, nikamweleza, wakambadilishia kiti, sasa anakaa mbele upande wa kushoto wa kalasi ili sikio la kulia ndilo limwelekee mwalimu. Nikiwa kalasini kwangu pia nimewahamisha watoto watatu. Sijui kama wana shida ya masikio, najua tu kwamba nilikuwa nawaita wakaidi. Nimewaomba wazazi wao wafanye jaribio la mkono. Nanyi ikiwa mwalimu amewaandikia kwamba mtoto hasikii maagizo, mfanye kabla ya kuchukua fimbo.

Ekuteri za zawadi ziko juu ya kabati. Nilimwomba mtoto msamaha kwa ajili ya ile jioni ya chumvi. Alinijibu kwamba hakumbuki, na sijui kama ni kweli. Kazi yake sasa ni kupanga mistari kwa ajili ya nkambo, kila siku ya tano jioni ujumbe wa Kolwezi ukifika. Anajua kuipanga kuliko mimi.

Siku ya posho, baada ya mkutano, nitabaki nusu saa. Anayetaka tumpangie telefone yake aje nayo ikiwa na sharji, na kama ni ya mtoto, aje na mtoto mwenyewe na ekuteri zake.